Mwezi Nyuma ya Beji

Lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa jambo dogo la kutosha kwenye ncha ya kidole. Beji ya Babu ilikuwa yake kweli, au haikuwa yake? Nililala chali nikiligeuza swali hilo kama mtu anayegeuza mto akitafuta upande wa baridi. Kama haikuwa yake, basi Babu alitudanganya. Kama alitudanganya kuhusu beji, nani angenihakikishia kwamba hakutudanganya kuhusu vita, kuhusu vichochoro vya Mji Mkongwe alivyovizunguka akiwa kijana, kuhusu taa alizozizima? Na kama yote hayo hayakuwepo, basi Jumamosi ningesimama mbele ya Wazanzibari wa Ilford, wazee waliobaki pamoja na watoto na wajukuu wao, nikamsifu marehemu kwa kazi ambayo hakuifanya. Halafu nikajiuliza kama ni dhambi kumshuku marehemu. Halafu nikajiuliza kama si dhambi kubwa zaidi kumsifu kwa uongo. Alfajiri ilinikuta hapo hapo.

Mama ndiye aliyelianzisha. Kinamama wa jumuiya yetu walikuwa wanaandaa siku ya kuonesha vitu vya wazee: mikufu iliyovuka bahari ikiwa imeshonewa ndani ya nguo, picha za harusi, ufunguo wa nyumba ambayo sasa inakaliwa na watu wengine. Mama akaahidi beji ya baba yake, na akaniahidi mimi pamoja nayo. "Wewe ndiye uliyesoma historia," aliniambia. "Sema maneno machache tu. Babu yako alilinda mji. Watu wajue."

Kusoma nilikuwa nimesoma, ila kazi niliyoipata baada ya chuo ilikuwa ya muda tu, kwenye stoo ya makumbusho madogo huko Stratford. Familia ya mzee mmoja aliyefariki ilikuwa imeleta trei za beji alizozikusanya maisha yake yote, beji za ukosini za raia waliolinda mitaa wakati wa Vita vya Pili. Hao si askari. Ni watu waliohakikisha taa zote zimefunikwa usiku, waliosubiri moto wa mabomu juu ya mapaa, waliowatoa wenzao chini ya vifusi. Kazi yangu ilikuwa kuitambua alama iliyo kwenye kila beji: ni ya nani, ilivaliwa wapi, kwa kazi gani. Zile za kawaida zinajulikana haraka. Kulikuwa na nyingine, za mitaa na viwanda vilivyojitengenezea zao, zenye alama ambazo hakuna anayezikumbuka tena. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ni mahali pekee nilipolipwa kwa kuwa na wasiwasi.

Jumatatu ya wiki hiyo niliokota beji moja ndogo yenye ndoo, pampu ya mkono iliyosimama ndani ya ndoo, na ulimi wa moto pembeni. Niliigeuza nitazame jina la mtengenezaji. Nyuma yake palikuwa na kipande cha bati kilichokatwa umbo la mwezi mwandamo. Nikageuza ya pili. Mwezi. Nikageuza ya tatu, nikageuza safu nzima, nyingine zilikuwa na pini, lakini nyingi zilikuwa na mwezi ule ule. Mwenzangu wa stoo aliniona nimeduwaa, akanieleza kwa upole kwamba hicho ni kishikio tu, kinaingizwa kwenye tundu la kifungo cha koti ili beji isizunguke. Nilimshukuru. Nikakaa kwenye kiti.

Ili ueleweke mshtuko wangu, lazima nianze na harufu ya ukwaju.

Wenzangu mliolelewa London na babu na bibi mtalielewa hili bila maelezo mengi. Nyumbani kwetu Ilford kulikuwa na saa mbili. Saa ya Mama ilikuwa ya hospitali alikofanya kazi ya uuguzi, na ilimtoa na kumrudisha wakati wowote. Saa ya Babu na Bibi ilikuwa ya Unguja, na ndiyo iliyonilea mimi. Baba alikuwa Muscat kikazi, sauti kwenye simu siku za Ijumaa. Babu alinisemesha Kiswahili, mimi nikimjibu Kiingereza, naye akijifanya hajasikia. "Masikio yangu hayakupewa pasipoti," alikuwa akisema, akaendelea kutazama dirishani mpaka nirudie kwa lugha yake. Akiniita aliniita mke wangu, kama mababu wa kwetu wanavyowatania wajukuu, na Bibi akaniita mke mwenza, akinituhumu kwa kumwibia mume. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu wa kila siku. Nadhani ndio uliozuia huzuni ya nyumba ile isitumeze, kwa maana huzuni ilikuwepo, imekaa kama fenicha.

Tuliiita "tulipohama." Hakuna aliyesema Mapinduzi ndani ya nyumba yetu. Walisema kabla hatujahama, tulipohama, tangu tuhame. Mtu akiuliza swali lolote lililogusa neno hilo, Bibi aliinuka kwenda kutazama sufuria, hata kama jiko lilikuwa limezimwa.

Babu alikuwa karani bandarini kabla ya kuhama, na London alifagia mabehewa ya treni mpaka akastaafu. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Mwezi wa Novemba mmoja alinichukua kutoka shule na tukapita barabarani walipokuwa wamekusanyika watu kuwakumbuka waliokufa vitani. Wazee wa Kizungu walisimama kwenye mvua nyembamba, makoti yao yamejaa nishani na beji. Babu alisimama nao. Alivua kofia yake ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, akaikunja, akaishika mkononi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya nyumba. Mzee mmoja aliyekuwa karibu alimuuliza, kwa adabu kabisa, yeye alikuwa wapi wakati wa vita. Babu akamjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba alikuwa Zanzibar, kazi yake ilikuwa kuzima taa. Yule mzee akainamisha kichwa kwa heshima, kisha macho yake yakashuka kwenye ukosi wa koti la Babu. Hapakuwa na kitu. Babu naye akauangalia ukosi wake, kama mtu aliyeambiwa ana doa.

Kwenye basi tulikaa ghorofa ya juu. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi za watu. Babu akachora kwa kidole: kandili lenye mkono wake wa juu, yale ya kuning'inizwa, na juu ya kandili kiganja cha mtu kimefunika mwanga. Juu kabisa akaweka taji dogo.

"Hii ndiyo ilikuwa alama yetu," alisema. "Vijana wachache tulichaguliwa. Jua likizama tunapita mlango kwa mlango, funika taa, funika taa, meli za adui zisiuone mji."

"Iko wapi sasa?" nilimuuliza, na mara hiyo moja nilisahau kumjibu Kiingereza.

"Ilipotea tulipohama."

Kandili likaanza kuchuruzika kwenye kioo. Tulipofika kituo chetu lilikuwa limekuwa mistari ya maji.

Baada ya siku hiyo, safari zetu za Jumamosi zilibadilika. Zamani tulikwenda Woolwich kununua muhogo, ndizi mbichi na samaki, tukivuka mto kwa feri ambayo Babu aliipenda kwa kuwa haina nauli na kwa kuwa, alisema, ndiyo serikali pekee iliyowahi kumbeba bure. Sasa tukishuka alikwenda kwanza kwenye meza ya mzee mmoja aliyeuza vitu vya kale: saa zilizokufa, vijiko, na boksi la beji. Babu aliomba ruhusa, akaweka miwani, akaanza kuchambua kwa kidole kimoja kama Bibi anavyochagua mchele. Alinifundisha kidogo alichokijua. Hii ya wauguzi. Hii ya wazima moto. Hii sijui, alama yake ngeni, tuiache. Nilipomuuliza anatafuta nini alisema, "Natafuta yangu."

Mimi nilimwamini neno kwa neno. Watu wazima wataona ajabu, lakini nilikuwa na sababu zangu. Mama aliwahi kuniambia kwamba nyumba ya Unguja ilichukuliwa na kila kilichokuwemo, vitanda, saa ya ukutani, hata mlango. Na shule ilikuwa imetupeleka kwenye makumbusho makubwa mjini, ambako nilikuta mlango wa kuchongwa wenye njumu za shaba, umesimama peke yake bila nyumba, sawasawa na mlango uliokuwa kwenye picha ya Bibi. Nikahitimisha kwamba vitu vyetu vyote vilivyopotea vimeletwa London. Kama mlango mzima uliweza kufika, beji ingeshindwaje? Kwa hiyo yule muuzaji wa Woolwich alikuwa mwizi, au rafiki wa mwizi. Nilimkazia macho kila Jumamosi. Alinipa peremende. Nilijua ananihonga, na bado nilizitafuna.

Siku tulipoipata beji, mvua ilikuwa inapiga turubai la meza mpaka tukawa tunasemezana kwa sauti. Babu aliokota kitu cheusi, kimeota ukoko wa kijani, akakisugua kwa kidole gumba. Niliona mkono wa juu, kama wa kandili. Niliona kitu kimeinama juu yake. Taji sikuliona, nikadhani limelika zamani. Babu akakigeuza, na pale nyuma, wazi kabisa hata chini ya uchafu, palikuwa na mwezi mwandamo.

Mwezi wetu ulikuwa kila mahali nyumbani: kwenye kalenda ya msikiti, kwenye kitambaa cha ukutani, kwenye mazungumzo ya Bibi na Babu kila Ramadhani inapokaribia. Kwangu hapakuwa na shaka tena. Wazungu waliweka taji lao mbele, na watu wa Unguja waliweka mwezi wao nyuma, wasiuone. Nikapiga kelele kwa Kiswahili katikati ya soko, "Babu, ndiyo yako! Ina mwezi!"

Babu alifungua mdomo. Namkumbuka hivyo, mdomo wazi, matone ya mvua kwenye miwani, ananiangalia. Kisha akaufunga. Akamlipa yule mzee, akaniwekea beji kiganjani, akanikunja vidole juu yake. Njia nzima ya kurudi, kwenye feri na kwenye mabasi, hakusema neno, na mimi nilidhani ni furaha.

Nilitangulia mbio mpaka jikoni. Bibi alikuwa amekaa na ungo wa mchele mapajani. Nikamwambia kwamba Babu kaipata beji yake, ile iliyopotea, ilikuwa kwa yule mwizi wa Woolwich. Ungo ulielea mikononi mwake, halafu ukainama upande, na mchele ukamwagika sakafuni kwa sauti ya mvua ndogo. Alinyoosha mkono, akaipokea beji, akaenda nayo dirishani. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuangalia kitu kidogo namna ile. Babu alikuwa ameshafika mlangoni, koti linatiririka maji. Hakuwa anaitazama beji. Alikuwa anamtazama Bibi.

"Ndiyo yenyewe?" alimuuliza.

Bibi hakugeuka. "Ndiyo," alisema baadaye sana. "Si unaiona."

Machozi yalikuwa yanamshuka. Nami niliruka ruka juu ya mchele uliomwagika, nikiwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Ilford, kwa kuwa nimewaliza wazee wangu kwa habari njema.

Mama aliporudi kazini nilimsimulia kabla hajavua viatu. Akapiga simu Muscat, wa Muscat wakapiga Dubai, na kabla ya wiki kuisha beji ya Babu ilikuwa imevuka bahari kwa muujiza na kumfuata mwenyewe mpaka Woolwich. Ijumaa baada ya sala wazee walikunywa kahawa kwenye chumba cha nyuma cha duka moja, na Babu alinichukua kwa kuwa Mama alikuwa zamu. Huko alikuwepo Mzee Haji, mtani wake wa miaka yote, ambaye hakuwahi kuamini habari ya kuzima taa. Siku zote alikuwa akimuuliza alilinda nini, sinia la halua? Siku hiyo aliivuta miwani mpaka ncha ya pua akaikagua beji.

"Haya, sheikh," alisema. "Ushahidi umeletwa mahakamani. Sasa tutakuita nani, Bwana Giza?"

Wote walicheka. Nilisubiri Babu aeleze habari ya mwezi. Alisukuma tu ukosi wake mbele kidogo, akanywa kahawa yake, akaomba aongezwe.

Kila Ijumaa tangu hapo aliisugua. Nyumbani Unguja shaba ilisuguliwa kwa ukwaju na majivu, na London hatukuwa na majivu isipokuwa ya chetezo cha Bibi, baada ya udi kuungua. Babu alichanganya ukwaju na majivu hayo kwenye kisosi, akachukua kipande cha kanga kuukuu, akasugua mbele tu, nyuma hakuigusa. Nilikaa ubavuni kwake nikivuta harufu ile, chachu na tamu, ya shaba na msikiti kwa pamoja. Ukoko ukaondoka. Kisha mistari midogo midogo ikaanza kuondoka. Nilidhani anaisafisha. Niliiona ikizidi kufanana na ile aliyonichorea kwenye kioo cha basi, nikaona ni haki, kitu kinakumbuka kilivyokuwa.

Babu alifariki mwaka nilipoingia sekondari. Koti lake lilipewa mtu, beji ikabaki kwenye droo ya Mama. Bibi alikaa eda yake chumbani na sikumsikia akiitaja beji hata mara moja.

Sasa, siku mbili baada ya trei ile ya Stratford, nilimwomba Mama beji kwa kisingizio cha kuiandaa. Kwa kioo cha kukuzia sikuhitaji muda mrefu, ingawa nilijipa muda, nikitafuta namna nyingine yoyote ya kukiona nilichokiona. Mdomo wa ndoo ulikuwa umeliwa kwa kusuguliwa lakini ulikuwepo. Kilichokuwa kiganja kilikuwa mpini wa pampu. Kilichokuwa mwanga wa kandili kilikuwa ule ulimi wa moto, umefutwa mpaka umebaki uvimbe. Pacha wake kwenye trei alikuwa na herufi za kiwanda kimoja kilichokuwa kando ya mto, upande huu, karibu na feri yetu. Beji ya Babu haikuvuka bahari yoyote. Ilikuwa ya mfanyakazi wa London aliyesubiri moto juu ya paa la kiwanda, na pengine tuliwahi kupita mbele ya nyumba yake tukiwa na mifuko ya muhogo.

Kwa hiyo nilirudi kwenye kile kitanda na lile swali. Kumwambia Mama nisingeweza. Kunyamaza nisingeweza pia, maana mimi ndiye niliyepiga kelele sokoni, na hadithi ile yote ilisimama juu ya sauti yangu. Alhamisi mchana nilijisingizia mafua, nikaenda chumbani kwa Bibi. Yuko chumba kile kile cha nyuma, na sasa miguu haimfikishi mbali. Nikaiweka beji juu ya shuka.

"Bibi, hii si ya Babu."

Hakushtuka. Aliichukua, akaipima uzito, akaniangalia kama mtu anayemwona mgeni aliyechelewa sana.

"Umekawia, mke mwenza. Mimi nilijua siku ile ile."

Nilimuuliza alijuaje.

"Kwa sababu ile yake niliitia chooni kwa mkono huu."

Alinisimulia akiwa ameikunja beji kiganjani. Zilikuwa siku za mwanzo tulipohama, alisema, kisha akajisahihisha, akalitaja neno lenyewe, Mapinduzi, mara ya kwanza nimsikie. Watu walikuwa wanaingia majumba ya mtaa wao na kupekua. Nyumba ya pili walimkuta jirani na picha ya sherehe ya serikali ukutani, wakamchukua, hakurudi. Babu alikuwa ametoka kutafuta unga. Bibi alikuwa peke yake na Mama, mtoto wa kunyonya. Akaifikiria ile beji kwenye kasha, na taji la mfalme juu ya kandili. Hakuifikiria mara mbili. Walipoingia walipindua kasha na kukuta nguo.

"Babu yako aliporudi aliitafuta. Nikamwambia sijaiona. Mpaka siku ya kupanda meli alikuwa anakung'uta nguo za mtoto, labda imo. Nikasema nitamwambia tukitulia. Hatukutulia. Tulipotulia alikuwa ameshazeeka, nikaona haya kumwambia mzee jambo nililomficha kijana."

"Halafu nikaja mimi," nilisema.

"Halafu ukaja wewe na mwezi wako." Alitabasamu bila furaha. "Ningesema si yenyewe, angeniuliza, wajuaje? Na yeye akaniuliza mimi. Mwenye beji ananiuliza mimi kama ndiyo yenyewe. Pale alijua kwamba mimi najua ilikokwenda. Tangu siku ile hakuitaja tena iliyopotea, na mimi sikuitaja. Alikaa akiisugua hii kila Ijumaa mbele yangu. Sijui alikuwa ananisamehe au ananiadhibu. Hakusema."

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa anamsamehe. Nilitaka kuamini hivyo. Sikusema, kwa sababu sijui, na kwa sababu yeye ameishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi mimi. Nikauliza lile langu, nikiogopa jibu. Je, Babu alikuwa mlinzi kweli?

Hapo Bibi alicheka, kicheko kidogo kikavu. Alisema yeye alikuwa mtoto wakati wa vita ile, na mwanamume wa kwanza kugonga mlango wao baada ya Magharibi alikuwa Babu yangu, kijana mwembamba mwenye beji kifuani, funika taa, funika taa. Mamake Bibi alimtukana kwa kumkuta bila mtandio. Kesho yake akarudi, akagonga, akageuza uso ukutani kabla mlango haujafunguliwa, akasema maneno yale yale akiutazama ukuta. "Mama alisema, huyu ana adabu. Miaka mingi baadaye alipoleta posa, ndilo alilolikumbuka."

Nje mtu alikuwa anarudisha nyuma gari la mizigo, na ile sauti yake ya kuonya iliendelea kwa muda. Nikamuuliza Jumamosi niseme nini.

"Wewe ndiye uliyesoma."

"Nikisema, watajua ulichokifanya."

Aliifungua mikono, akanirudishia beji. Ilikuwa ya moto. "Wamebaki wangapi wa kunilaumu? Sema. Nimechoka kuificha." Nilipofika mlangoni aliniita. "Ila choo usikitaje. Watu watakuwa wanakula."

Jioni ile nilimwambia Mama, jikoni, akiwa bado na sare ya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake. Akafuta mikono iliyokuwa mikavu tayari, akaenda chumbani kwa mama yake, akafunga mlango. Niliosha vyombo nikavirudia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na aliniuliza tu kama nimeshapiga pasi nguo ya Jumamosi.

Jumamosi ukumbi ulinukia pilau na udi. Mezani, kati ya mikufu na ule ufunguo usio na nyumba, nilikuwa nimepewa nafasi ndogo yenye picha ya Babu. Nilichora kwenye karatasi kandili, kiganja juu ya mwanga, na taji dogo, kama vilivyokuwa kwenye kioo cha basi, nikaiweka mbele ya picha. Pembeni yake nikailaza beji kifudifudi, mwezi juu. Bibi alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, mtandio mweupe, mkono wa Mama begani mwake. Nyuma yao nilimwona Mzee Haji, amesinyaa, fimbo katikati ya magoti. Karatasi yangu ya maneno nikaikunja nikaitia mfukoni.

"Beji hii si ya babu yangu," nilisema. "Ni ya mzima moto wa kiwanda kimoja hapa London, hatulijui jina lake, Mungu amrehemu. Babu yangu alikuwa na yake, yenye kandili hili, na aliivaa akizima taa za mji. Bibi yangu aliitupa Unguja, siku walipokuja kupekua, ili mama yangu apate kuishi. Mama yangu ni yule pale."

Watu waligeuka kumtazama Mama. Bibi hakugeuka. Alinitazama mimi, kidevu juu, kama anayesubiri niendelee. Lakini nilikuwa nimemaliza. Kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa na la kuongeza, nikashuka, nikaenda kukaa miguuni pake.